Nyumba ya Jilmovice Niliyoitwa Kuikagua

Wenzangu wa Mautuma, mmenichosha. Tangu nirudi sijatoka ibadani hata Jumapili moja bila mtu kunivuta mkono na kuniuliza, "Mwalimu, sasa huko ulienda kufanya nini?" Mama Khasoa aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya posho mill, kana kwamba safari ya kuvuka bara zima inaweza kuelezwa kabla debe la mahindi halijasagwa. Nimeona heri niandike. Mwenye kutaka asome, na asiyetaka aniache nipalilie maharagwe yangu.

Simu iliyonitoa shambani

Mnamjua Muhonja wangu, kitindamimba, yule aliyekwenda kusomea udongo katika nchi ya Wacheki akaishia kuolewa huko huko. Mume wake anaitwa Ondřej. Mkishindwa kulitamka msijilaumu, mimi mwenyewe bado nahangaika nalo. Wanaishi katika mji mdogo unaoitwa Jilmovice, ambao wenyewe huutamka Yilmovitse, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Austria. Wamepanga vyumba viwili katika jengo la ghorofa.

Basi siku moja nikiwa nashona magunia yaliyotoboka, simu ikalia.

"Mama, Bibi, nyanya yake Ondřej, anataka kutupatia nyumba."

"Bwana asifiwe!"

"Ngoja kwanza. Hiyo nyumba ilikuwanga ya Wajerumani. Baada ya vita walifukuzwa wote, karibu mji mzima, ndiyo kina Bibi wakaletwa kuingia. Mama, mimi siwezi kulala kwa nyumba ya mtu alifukuzwa. Unajua venye sisi tulifukuzwa."

Mlio wakazi wa zamani hapa mnajua, lakini wageni nao wajue. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, Muhonja akiwa darasa la tatu, tulikimbia Mautuma tukaenda kukaa Khayega kwa ndugu zangu. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa na paa lake, lakini kuna watu walikuwa wameishi ndani. Sweta ya shule ya Muhonja ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, imefuliwa vizuri kabisa, na hatukumjua aliyeifua. Mtoto hakuivaa tena hata nilipomchapa. Hofu hiyo alisafiri nayo mpaka Ulaya.

"Bibi ni mzee," akaendelea. "Tukikataa atauza, aende kwa nyumba ya wazee mji mwingine, na hataki. Ondřej anasema niamue mimi. Sasa mimi nimesema uamue wewe. Njoo uione, Mama. Ukisema tuingie, tutaingia. Ukisema hapana, tutahama huu mji kabisa."

Kwa hiyo hilo ndilo nililokwenda kufanya. Mambo ya tiketi na ubalozi nayaacha, hayana utamu. Siku ya kuondoka, shemeji yangu Shem alinisindikiza mpaka barabarani akanipa wosia wake. "Shemeji, wewe uangarie makaburi yako wapi. Kama watu hawazikwangi hapo, hao ni wapangaji tu." Shem hajawahi kuvuka Turbo bila sababu, lakini ushauri anao kwa nchi zote.

Eldoret mpaka Istanbul, pamoja na Sista

Ukungu wa Eldoret ulikataa kuondoka, na ndege nayo ikakataa kuruka. Nilikaa uwanjani nikikumbatia mkoba wangu wa unga, mboga ya mrenda iliyokaushwa na njugu, kando ya mtawa mnene mwenye kicheko kikubwa, Sista Consolata wa Mukumu, aliyekuwa anakwenda Roma. Alipojua kwamba sote tunapitia Istanbul, alinishika kama mtu aliyepata dada yake. Tulimaliza nusu ya njugu kabla ya kuona bawa la ndege.

Huko angani nilimsimulia habari ya nyumba, kisha nikafika kwenye jambo lililokuwa linanikosesha raha zaidi, yaani mkwe. Nilikuwa sijawahi kuonana naye ana kwa ana, kwa maana harusi yao ilifanyika kule. Kwetu mama mkwe na mume wa binti wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni wakitafuna, na mama halali chini ya paa la mkwe hata mvua inyeshe mawe. Nilikuwa nimemwagiza Muhonja amfundishe kijana mapema.

"Na kama amesahau?" Sista akauliza. "Hawa Wazungu hukumbatiananga hata na mtu wa kusoma mita ya stima."

"Nitajikinga na sanduku."

Alicheka mpaka mhudumu wa ndege akaja kuangalia kama kuna mgonjwa. Istanbul tuliachana kila mtu akielekea lango lake, naye akaniambia ataiombea ile nyumba, na mkwe pia. Ndege yangu ilichelewa tena. Nilikaa karibu na nyanya mmoja wa Kituruki aliyefungua kopo la zeituni, nami nikafungua njugu zilizobaki, tukala bila neno hata moja la kuelewana na bila shida yoyote. Ilipoitwa ndege yangu alinifunga skafu shingoni vizuri zaidi, maana aliona nimeifunga ovyo.

Praha: unga unahojiwa

Afisa wa forodha alikuwa kijana mpole mwenye masikio mekundu. Aliinua mfuko wa unga, akaunusa, akaugongagonga, kisha akaniuliza kwa Kiingereza ni kitu gani. Nilimweleza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na historia, na mtu akiniuliza swali hupata jibu lililokamilika. Nilianzia kwenye mvua za kwetu Lugari, nikaja kwenye upanzi, nikaja kwenye kusaga, na nilipofika kwenye kusonga alikuwa tayari ameweka mhuri. Mrenda aliutazama tu kwa huruma akaurudisha.

Muhonja alikuwa nje. Amenenepa kidogo, na nilifurahi mno, nililia mbele za watu bila aibu. Alikuwa amebeba koti zito la Bibi Anežka, maana ndilo jina la nyanya ya Ondřej, amelituma ili nisiuawe na baridi. Lilikuwa koti la kijani lenye harufu ya sabuni. Kumbe mtu ambaye hajaniona ameshanivalisha.

Treni ya kusini

Kutoka Praha mpaka Brno treni ilikwenda vizuri. Baada ya Brno reli ilikuwa inakarabatiwa, tukashushwa, tukapandishwa basi, tukashushwa tena, tukarudishwa kwenye kitreni kidogo cha rangi ya njano. Hakuna aliyelalamika. Bibi mmoja alitoa soseji, mzee mmoja akatoa chupa ya kitu kikali kilichotengenezwa kwa matunda ya plamu, nami nilipokataa kwa sababu ya wokovu akanywa na sehemu yangu.

Hapo ndipo nchi ilipoanza kunifunulia yale niliyofundisha kwa miaka. Vilima vilishuka, bonde la mto Dyje likatanda, tambarare, udongo mweusi usio na jiwe, mashamba makubwa yasiyo na ua. Kwa mbali, miti ya mipopla imejipanga kando ya maji, na ng'ambo ya maji ni Austria. Kisha nikaona kando ya shamba lundo la kitu cha kijivu, refu kama ghala.

"Muhonja! Ni nini hizo?"

"Viazi sukari, Mama."

Nilisimama ndani ya treni. Wanafunzi wangu wanajua jinsi nilivyowachora viazi sukari ubaoni, Kidato cha Pili baada ya Kidato cha Pili: sukari ya nchi za baridi haitoki kwenye miwa, inatoka kwenye mzizi. Nilikuwa nachora kitu ambacho sijakiona. Sasa nimekiona, na ninawaomba radhi wote niliowachorea mfano wa karoti, kwa maana ni kinene sana na kina sura mbaya.

Jilmovice yenyewe ni ndogo kuliko Khayega siku ya soko. Kuna kiwanja cha mawe katikati, kanisa lenye paa la umbo la kitunguu, bomba la moshi la kiwanda kilichokufa, na nyumba zilizoshikana mabega kando ya barabara, nyekundu, njano, kijani. Ondřej alikuwa stesheni. Mrefu, ndevu za ngano, uso wa mtoto mzuri. Aliniona, akafungua mikono yote miwili, akaja mbio.

Nilirudi nyuma ya sanduku. Muhonja akapiga kelele kwa Kicheki. Kijana alisimama katikati ya hatua, mikono bado hewani, kisha akaishusha na kuinama kidogo. Nikamwinamia pia kutoka nyuma ya sanduku langu. Abiria wote walikuwa wanatazama.

Langoni

Sasa sikilizeni kosa lilivyotokea.

Nyumba iko mwisho wa barabara, karibu na mto. Ina lango la mbao na mti mkubwa wa jozi uani. Bibi Anežka alikuwa mlangoni, mfupi, aproni ya maua, nywele nyeupe zimechanwa kwa ajili yangu. Ndani nilinusa mikate mitamu. Ondřej alitoa funguo mfukoni mwake mwenyewe, akafungua lango, akaliingiza sanduku langu ndani kama mwenye boma, na Bibi akasema jambo akitabasamu.

"Anasema karibu kwa Ondřej," Muhonja akatafsiri.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilikuwa nimeambiwa nyumba bado ni ya Bibi, kwamba Muhonja na mumewe wanakaa kwenye ghorofa lao, na kwa hiyo mimi nitalala kwa mzee mwenzangu. Lakini hapa mkwe ana funguo, na mwenye nyumba mwenyewe amesema ni kwa Ondřej. Kama ni kwake, mimi siwezi kulala humo.

"Muhonja, hilo sanduku litolewe."

"Mama, tafadhali. Usianze."

"Sijaanza mimi. Litolewe."

Alijaribu kueleza. Nilimwona Bibi akisikiliza, akinitazama, akiitazama nyumba yake, na tabasamu likiondoka kidogo kidogo. Alisema neno moja, akaingia ndani akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Juu ya baa

Nilipata chumba juu ya baa iliyo kwenye kiwanja. Mwenye baa, Bwana Zdeněk, alikuwa na tumbo la heshima, akaamua kwamba mtu yeyote aliyekataa mikate ya Bibi Anežka lazima ana njaa. Aliniletea nyama ya ng'ombe ndani ya mchuzi mtamu, juu yake kipande cha limau, juu ya limau jemu, na juu ya jemu krimu ya keki. Nilidhani ni chakula cha aina tatu kilichoanguka pamoja jikoni. Lakini kando kulikuwa na vipande vyeupe vya unga uliochemshwa vinavyoitwa knedlík, na nilipochovya kimoja nikatulia. Ni ndugu wa mbali wa obusuma, ugali wetu.

Muhonja alikuja asubuhi, macho yamevimba.

"Bibi anasema hata mama amekataa. Amepigia wale watu wa nyumba ya wazee simu aulize kama kuna nafasi."

"Hukumwambia ni mila?"

"Nilimwambia! Anafikiri ni uongo wa adabu. Anafikiri unaogopa nyumba kama venye mimi ninaiogopa." Akanitazama. "Mama, sema ukweli. Ni mila ama ni nyumba?"

Mila ilikuwa kweli. Lakini nilipokuwa pale langoni nilifikiria pia ule mlango, na mkono wa mwisho wa Mjerumani ulioufunga, na nilisikia baridi ambayo koti la kijani halikuizuia. Nilimwambia Muhonja kwamba sijui, na kwamba nataka kuujua mji kwanza.

Ondřej ndiye aliyenitembeza, na kwa vile alikuwa ameambiwa akae mbali, alitembea upande wa pili wa barabara. Mimi na Muhonja huku, yeye kule, akipaza sauti kwa Kiingereza kama mhubiri wa sokoni. Hapa! Mji ulianza hapa, kwa sababu mto ulikuwa na kina kifupi na mikokoteni iliweza kuvuka! Hapa! Nguzo hii ilijengwa na waliosalia baada ya tauni! Hapa! Mikokoteni ya viazi sukari ilipanga foleni kutoka kiwandani mpaka kanisani! Sasa ni ghala la mbao! Watu walifungua madirisha. Bwana mmoja akamsahihisha kutoka ghorofani, wakabishana kidogo kuhusu kiwanda kilifungwa lini, kisha tukaendelea.

Kwenye ukingo wa mto alishusha sauti, ikabidi nivuke barabara mwenyewe ili nisikie. Nilisimama hatua chache kutoka kwake, jambo ambalo Shem asiambiwe. Kwa mamia ya miaka, akasema, hapa walisema Kijerumani zaidi kuliko Kicheki. Vita vilipokwisha, watu waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Walivuka hapa, kwenda kule. Nyumba zikabaki na vyakula mezani. Kisha wakaletwa wengine kutoka kila pembe. Na baada ya hao kufika, serikali ilitandaza waya wenye miiba kando ya mto huu, na kwa miaka mingi mtu hakuruhusiwa hata kuvua samaki. Waya ulipoondolewa, yeye hakuwa amezaliwa.

"Ninajua historia ya mji," akasema, akitazama maji, asinitazame mimi, kama alivyofundishwa. "Ya nyumba yetu sijui. Bibi hasemi."

Kijana alinipendeza. Nasema wazi.

Siku ya marehemu

Mwanzoni mwa Novemba Wacheki wote huenda makaburini. Bwana Zdeněk alifunga baa, akavaa tai. Mchana watu walimiminika na maua na mishumaa ndani ya vikopo vya kioo vyekundu, na mimi nikakumbuka wosia wa Shem nikawafuata.

Hapo nilipata mshtuko wa safari nzima. Baadhi ya makaburi yalikuwa yamebandikwa karatasi ndogo.

"Mkataba umeisha," Muhonja akanieleza. "Huku kaburi linakodishwa. Hakuna mtu akiendelea kulilipia, wanampatia mwingine."

"Kaburi! Hata maiti ni mpangaji!"

Nilikaa kwenye benchi. Niliona jibu langu limekuja lenyewe: wauhame mji huu, watu hawa hawana mizizi. Ndipo nilipomwona Bibi Anežka. Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya zamani, penye mawe yenye maandishi ya Kijerumani, mengi yameegemea, mengi yamemezwa na mizizi ya miti. Jiwe lililo mbele yake lilikuwa safi. Alikuwa analisugua kwa brashi ya viatu.

Nilimwendea. Hakunisalimu. Nami nikapiga magoti, koti lake la kijani likiwa mwilini mwangu, nikaanza kuokota majani makavu. Tulifanya kazi hivyo mpaka jiwe likang'aa. Kisha akazungumza, na Muhonja akatafsiri akiwa amesimama nyuma yetu.

Hao ndio waliokuwa wenye nyumba, akasema. Yeye aliletwa akiwa mtoto mdogo, kutoka kijiji cha Wacheki mbali sana mashariki, ambako familia yake nayo iliacha kila kitu. Waliingia ndani wakakuta sahani kabatini. Mama yake aliosha sahani zote, moja moja, akilia, akasema hizi ni za mtu. Wakazitumia, kwa maana hawakuwa na nyingine. Miaka ikapita. Waya wa mpakani ulipoondolewa, siku moja mwanamke mzee alisimama langoni, akitazama mti wa jozi. Bibi alijua ni nani bila kuambiwa. Alifunga mlango kwa funguo, akajificha nyuma ya pazia.

"Akaenda?" nikauliza.

Hapana. Alikaa juu ya jiwe la langoni. Lilikuwa jua kali. Mwishowe Bibi aliona aibu, akamtolea maji. Mwanamke akanywa, akamwuliza jambo moja tu: ni nani huwawashia mishumaa wazazi wangu? Hakukuwa na mtu. Bibi akamwambia, mimi, kuanzia leo. Tangu siku hiyo kaburi hili amelikodi yeye, na binti wa yule mwanamke huja kila masika kutoka Austria, wanakaa jikoni wanakula kwenye zile sahani.

Muhonja alilitafsiri neno la mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili, kwangu mimi peke yangu, "Hakuniambianga."

"Ulimuuliza?"

Aliinama akaokota jani moja lililobaki.

Bibi aliwasha mshumaa, akajifuta mikono, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu lile lango. Aliuliza swali fupi.

"Anasema, kwa nini ulikataa kitanda chake."

Nilimwambia Muhonja atafsiri neno kwa neno, asipambe. Nyumba yako sikuikataa. Kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mume wa binti yake. Ningekuwa namvunjia heshima yeye na mimi. Uliposema ni kwa Ondřej, sikuweza kuvuka lango.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia.

"Anasema," Muhonja akasema, naye akiwa anacheka na kupangusa pua, "alikuwa anamsifu tu kijana mbele ya mgeni. Anasema hajatia sahihi popote. Nyumba ni yake, kitanda ni chake, na ile mikate ilibidi ampatie jirani."

Watu waligeuka kutuangalia, maana si mahali pa kucheka. Nilihamia kwa Bibi jioni hiyo hiyo.

Chini ya paa la Bibi

Siku nilizokaa katika nyumba ile sitazisahau. Chumba changu kilitazama mti wa jozi, na asubuhi ukungu wa mto ulikuja mpaka dirishani. Nililala chini ya blanketi la manyoya lililojaa hewa, nikalala usingizi ambao sijaupata tangu mume wangu afariki. Nilikuwa nimekuja kukagua, basi nilikagua: nikapanda dari, nikashuka chini walikoweka viazi, nikakaa peke yangu katika kila chumba. Sikusikia cha kuniogopesha.

Nilimsongea Bibi obusuma kwa ule unga uliohojiwa, nikampikia sukuma za bustanini kwake. Alimega, akatafuna, akatoa hukumu kwamba ni knedlík iliyosahauliwa hamira, kisha akaongeza mara mbili. Mrenda na utelezi wake alishindwa nao kabisa. Aliuvuta ukamfuata mpaka usoni, akaanza kucheka, na chakula cha siku hiyo kikaishia hapo.

Muhonja alikuja kila siku baada ya kazi. Mwanzoni alikaa karibu na mlango na koti lake mwilini, kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Baadaye nilimkuta amesimama mbele ya kabati, ameshika sahani moja, anaigeuza.

"Kwa hivyo nao pia walifukuzwa," akasema. "Kina Bibi."

"Nafikiri kila mtu wa mji huu alitoka mahali akilia."

"Basi sema, Mama. Tuingie ama tusiingie?"

"Nitasema nikiwa tayari."

Alidhani bado napima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua pale makaburini. Kilichonifunga mdomo ni jambo jingine, na nalisema bila kuficha: nilikuwa na uchoyo. Siku nitakayosema ndiyo, nyumba hii itakuwa ya mkwe wangu, na mimi sitalala humu tena maishani. Nitakuja kama mgeni wa mchana. Nitakula, nitacheka, na jua likishuka nitachukua skafu yangu. Kama Mungu atawapa watoto, sitawasikia wakiamka. Nilitaka asubuhi moja zaidi ya ule ukungu, kisha moja nyingine. Bibi naye alikuwa ameacha kuuliza, lakini kila simu ilipolia alishtuka, akidhani ni wale wa nyumba ya wazee wamepata nafasi.

Hilo ndilo lililonishinda. Siku mbili kabla ya safari ya kurudi, nilitandika kitanda vizuri, nikapanga nguo zangu, nikalivuta sanduku kupita jikoni, kupita uani, mpaka nje ya lango. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Nikasimama hapo.

Bibi alitoka mbio na mwiko mkononi, akisema maneno mengi. Alidhani tumegombana tena bila yeye kujua. Wakati huo Muhonja na Ondřej walikuwa wanakuja kutoka upande wa kiwanja. Muhonja aliniona kutoka mbali. Aliona sanduku liko nje na mimi niko nje. Alisimama katikati ya barabara, akaweka mikono yote miwili kichwani, akaanza kulia, kwa sababu pale palikuwa na mtu mmoja tu mwenye kuelewa nilichosema kwa lile sanduku, naye ni yeye.

"Mama! Utalala wapi?"

"Kwa Zdeněk. Nyumba ina wenyewe."

Ondřej alimtazama mkewe, akanitazama mimi, hajui alie au acheke. Muhonja aliwaeleza kwa Kicheki, akikatizwa na kwikwi. Bibi Anežka aliposikia mpaka mwisho, aliutazama mwiko uliokuwa mkononi mwake kama hajui umefikaje. Akaingia ndani. Tulimsikia akifungua kabati na kufunga. Akatoka na koti lake jeusi, viatu vya kutembelea, na kijimkoba chenye gauni la kulalia, akasimama kando yangu nje ya lango.

"Anasema," Muhonja akatafsiri, "kama sasa nyumba si yake, leo naye ni mgeni. Anaenda na wewe kwa Zdeněk. Hajawahi kulala hotelini maisha yake yote." Akamsikiliza Bibi tena. "Anasema nimuulizie mwenye nyumba kama mnaweza kuja kutembea kesho."

Ondřej alifungua mdomo. Nilimnyooshea kidole kwa mbali, maana jibu lilikuwa la mkewe, akaufunga.

Muhonja alitazama nyumba, madirisha, mti wa jozi, mlango ambao Bibi alikuwa ameuacha wazi. Alijipangusa uso kwa kiganja. Halafu akaingia ndani ya lango peke yake, akageuka akatutazama sisi wazee wawili tuliokuwa barabarani.

"Kesho mje kwangu," akasema. "Mje mapema. Nitapika."